Kababu za Rojo la Ukwaju: Kung'aa kwa Nje, Kuiva kwa Ndani

Katika sherehe za pwani yetu, sinia la kababu halikai sana mezani. Wageni hawajaketi sawasawa, wazee hawajamaliza kusalimiana, nalo limekwisha zunguka ukumbini na kurudi jikoni likiwa na vijiti vya meno vitupu na alama za rojo. Sambusa zitasalia, kachori nazo zitasalia. Lakini kababu ndogo za mviringo, zilizogaagazwa katika rojo zito la ukwaju, sukari guru na pilipili, hazisalii. Makala haya yanahusu kitafunwa hicho, na yameandikwa na mtu anayekipenda. Mimi ni tabibu kwa kazi na mpishi kwa mapenzi, na kwa miaka mingi niliziweka shughuli hizo mbili katika vyumba tofauti vya akili yangu, mpaka usiku mmoja, mkesha wa arusi ya mpwa wangu, zilipokutana mbele ya karai.

Ukoo wetu ulikuwa umekabidhiwa vitafunwa vya kuwapokelea wageni, na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kupika, alikuwa msimamizi. Beseni la nyama ya kusaga lilipokwisha changanywa viungo, shangazi alichota donge dogo la nyama mbichi, akaliweka ulimini ili aonje chumvi, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Kisha akampa mke wa ndugu yangu naye aonje. Mke wa ndugu yangu alikuwa mjamzito wa miezi mitano.

"Samahani, shangazi," nikasema, "huyu asionje."

"Kwa nini, mwanangu? Nyama ni ya leo. Nimeisimamia mwenyewe ikisagwa."

"Ni ya leo, shangazi, lakini ni mbichi."

"Sasa chumvi tutaijuaje?"

Swali lake lilikuwa la haki, na tabibu asiyekuwa na jibu lake hana cha kufundisha jikoni. Tulikaanga kababu moja ndogo kuliko zote, tukaigawa vipande vinne, tukaonja. Chumvi ilikuwa pungufu kidogo, tukaongeza. Nyama mbichi yaweza kubeba toksoplasma, kimelea kinachoweza kuvuka kondo la nyuma na kumdhuru mtoto aliye tumboni, na katika nyama ya ng'ombe yaweza pia kuwamo tegu. Kipande kimoja kilichokaangwa kinatosha kuondoa ubishi wote huo, tena kinaonjwa vizuri zaidi, maana ladha ya chumvi katika nyama mbichi si ile ile itakayokuwamo baada ya kuiva.

Nilidhani kazi yangu ya udaktari imekwisha. Saa moja baadaye sinia la kwanza lilikuwa tayari, kababu zipatazo 60 zikiwa zimekwisha tiwa katika rojo, nyeusi-nyekundu na zenye kung'aa kama halua, likingojea kupelekwa kwa watoto waliokuwa wamefika mapema na wazazi wao. Nikachukua moja, si kwa uchunguzi bali kwa uroho, nikaikata kwa uma. Ndani ilikuwa nyekundu, laini na baridi kidogo. Nikakata ya pili, ikawa hivyo hivyo. Karai lilikuwa limejazwa kupita kiasi, nyama ilikuwa imetoka moja kwa moja katika jokofu, mafuta yakapoa, na mkaangaji, aliyekuwa akiharakishwa na kila mtu nikiwamo mimi, alizitoa mara tu zilipopata rangi. Kisha rojo likafunika kila kitu. Hapakuwa na mtu yeyote katika nyumba ile ambaye angeweza, kwa kulitazama tu sinia lile, kujua kwamba nyama yake haijaiva.

Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike. Rojo tamu lenye pilipili ni vazi zuri mno. Huipa nyama mng'ao ambao jicho la binadamu limezoea kuusoma kuwa ni dalili ya kuiva, ilhali rojo halijui lolote kuhusu kilichomo ndani yake.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili yapasa tujue tofauti kati ya nyama ya kusaga na nyama iliyo pande moja. Vijidudu vingi vinavyotoka katika utumbo wa mnyama wakati wa kuchinja, na vile vinavyotoka katika kisu, gogo na mikono, hukaa juu ya nyama. Mnofu wa ndani aghalabu ni safi. Mtu anapochoma pande zima la nyama, moto huanza kushambulia pale pale vijidudu vilipo. Nasema aghalabu kwa sababu tegu wa ng'ombe hukaa ndani ya msuli wenyewe, nasi huku kwetu hatuna anasa ya kumsahau. Nyama hiyo inapopitishwa katika mashine, kilichokuwa nje huingizwa ndani na kusambazwa kila mahali. Zaidi ya hayo, donge moja la nyama ya kusaga huweza kuwa na vipande vya ng'ombe kadhaa, pamoja na mabaki ya nyama iliyosagwa asubuhi katika mashine ambayo haikuoshwa. Kwa hiyo kiini cha kababu, mahali ambapo moto hufika mwisho, kina vijidudu sawasawa na ngozi yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafariki kutokana na hambaga zisizoiva vya kutosha, zilizouzwa katika migahawa ya kampuni moja. Kimelea kilikuwa aina ya bakteria iitwayo E. koli O157:H7, ambayo hukaa katika utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru, lakini ikiingia kwa binadamu hutoa sumu inayoharibu mishipa midogo ya damu. Kwa watu wazima wengi matokeo yake ni maumivu makali ya tumbo na kuharisha damu. Kwa watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, sumu hiyo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kusimamisha kazi ya figo. Bakteria wachache tu wanatosha kuanzisha ugonjwa, hivyo hoja ya kwamba mtoto alikula "kababu moja tu" haina nguvu hapa.

Kiwango cha usalama kinajulikana, na si kigumu kukifikia. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kifikie angalau nyuzijoto 70 za Selsiasi katikati yake. Ushauri wa serikali ya Marekani kwa wapishi wa nyumbani ni nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga ya ng'ombe, mbuzi au kondoo, na nyuzi 74 kwa nyama ya kuku. Kipimajoto cha jikoni chenye sindano ndicho chombo pekee kinachotoa jibu la hakika. Sindano huingizwa mpaka kiini cha kababu iliyo kubwa kuliko zote katika mkupuo, nayo huoshwa kwa maji ya moto na sabuni baada ya kuchomwa katika nyama ambayo bado haijaiva.

Rangi ya ndani je? Wekundu wa nyama hutokana na protini iitwayo mayoglobini, ambayo hubadilika kuwa kahawia inapopata joto. Kwa bahati mbaya hubadilika pia kwa sababu nyingine. Nyama iliyokaa muda mrefu hewani huweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia joto la usalama, na nyingine hubaki na uwaridi hata baada ya kuiva kabisa. Usiku ule wekundu ulitusaidia. Kukosekana kwake kusingetupa hakika. Asiyekuwa na kipimajoto afanye yaliyo katika uwezo wake: akaange chache kwa wakati mmoja, azitengeneze ndogo na zilingane, akate iliyo kubwa kuliko zote katika kila mkupuo, na ahakikishe kwamba ni ya moto sana katikati, imeshikana, na maji yake hayana damu.

Ukubwa una maana kuliko wapishi wengi wanavyodhani. Muda unaohitajika ili joto lifike kiini cha tufe hukua kwa kadiri ya mraba wa kipenyo chake. Kababu yenye kipenyo cha sentimita 4.5 haihitaji muda wa mara moja na nusu ya ile ya sentimita 3. Inahitaji muda wa zaidi ya mara mbili. Zikichanganywa kubwa na ndogo katika karai moja, ndogo zitakauka au kubwa zitabaki mbichi. Shangazi, aliyezifinyanga kwa mkono maisha yake yote, alikuwa hatofautiani gramu mbili kati ya kababu na kababu. Sisi wengine tutumie kijiko kimoja kupimia.

Sasa tuingie jikoni. Kwa kilo 1 ya nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi, ninatumia slesi 4 za mkate zilizolowekwa katika maziwa na kukamuliwa, kitunguu maji kimoja kilichokunwa na kukamuliwa maji yake, yai moja, fungu la kotimiri, kijiko cha kulia cha tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, kijiko cha chai cha bizari ya pilau iliyokaangwa bila mafuta na kusagwa, pilipili manga, na chumvi gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai visivyojaa. Mkate si wa kuongezea wingi tu. Hushika maji ya nyama, na bila huo kababu iliyofikishwa nyuzi 71 hukauka kidogo. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya wapishi kuzitoa mapema: wanaogopa ukavu, kumbe dawa ya ukavu iko katika mchanganyiko na wala si katika kupunguza moto. Nyama isikandwe kama unga wa chapati, maana itakuwa ngumu. Mchanganyiko huu hutoa kababu 50 hivi za gramu 25, zenye kipenyo cha sentimita 3.5. Zikishafinyangwa zipangwe katika sinia na kukaa katika jokofu nusu saa ili zishikane, kisha zitolewe kidogo kidogo kadiri zinavyohitajika.

Mtu anaweza kuzikaanga katika mafuta ya kina, au kuzioka katika oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20. Mimi nimehamia katika oveni. Haziwi na ukoko ule ule, nakiri, lakini joto huzifikia zote kwa usawa, mafuta hayaongezwi, na mpishi hupata nafasi ya kusimamia rojo.

Rojo lenyewe: gramu 100 za ukwaju hulowekwa katika nusu lita ya maji ya moto, hukamuliwa na kuchujwa. Mti huu asili yake ni Afrika, ingawa Waarabu waliliita tunda lake tende ya Hindi na ulimwengu ukalikubali jina hilo. Maji ya ukwaju huwekwa katika sufuria ya chuma cha pua, kwa kuwa uchachu wake huila aluminiamu, pamoja na gramu 100 za sukari guru, tangawizi, punje nne za kitunguu saumu na pilipili mbili au tatu zilizopasuliwa. Huchemshwa kwa moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mpaka linaposhika mgongo wa mwiko na kuacha njia unapolipitisha kidole. Wengine huongeza sosi ya nyanya ya chupa. Hainichukizi, lakini ijulikane kwamba sosi hiyo imekwisha tiwa sukari na chumvi kiwandani, kwa hiyo viwili hivyo vipunguzwe.

Hapa ndipo penye siri ya mpangilio. Kababu huiva kwanza, hupimwa, ndipo huingizwa katika rojo linalotokota na kugeuzwa-geuzwa kwa dakika tatu au nne. Kuna wanaofanya kinyume: hupaka rojo juu ya nyama mbichi kwa brashi na kuiweka juu ya makaa. Sukari huwahi kuungua. Ile ya asali huanza kubadilika rangi mapema kuliko ya miwa, na vyote viwili huwa vyeusi wakati kiini cha nyama bado kiko njiani. Mpishi huona weusi, huogopa, huitoa. Tena brashi ile imekwisha gusa nyama mbichi na kurudi katika bakuli la rojo mara ishirini, na rojo hilo hilo ndilo linalomiminwa mwishoni juu ya nyama iliyoiva.

Sinia letu la usiku ule lilipata suluhisho la shangazi. Kuzirudisha kababu zenye rojo katika mafuta kungeziunguza. Yeye alizimwaga zote katika sufuria pana, akaongeza vikombe viwili vya maji ya moto, akafunika, akaacha zitokote mpaka maji yakakauka na rojo likarudi katika uzito wake. Watoto walisubiri robo saa zaidi, na mmoja wao alilia. Nilipokata nyingine, zilikuwa zimeiva kotekote.

Kuhusu pilipili kuna mambo mawili ninayoulizwa kila mara. La kwanza, ati pilipili na ndimu huua vijidudu katika nyama. Haziifanyi nyama ya kusaga kuwa salama. Ndimu hubadilisha rangi ya nyama ikafanana na iliyoiva, jambo ambalo, baada ya niliyoyasimulia, msomaji ataona kwamba huongeza hatari kuliko kuipunguza. La pili ni vidonda vya tumbo. Katika kila sherehe kuna mgeni anayekataa sinia kwa kuamini kwamba pilipili ndiyo iliyompa vidonda. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria aitwaye Helicobacter pylori katika tumbo la wagonjwa, na kazi yao ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo, pamoja na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za kutuliza maumivu, ndivyo visababishi vikuu vya vidonda. Pilipili huweza kumwongezea maumivu mwenye kidonda, na ana haki ya kuikwepa. Lakini anayeishia kuikwepa pilipili bila kwenda kupimwa amekimbia kivuli na kuuacha mwili wa tatizo.

Kiini cha ukali wa pilipili, kapseisini, hushika mlango ule ule wa neva ambao kwa kawaida hufunguliwa na joto linalounguza. Mdomo huambiwa kuna moto mahali pasipo na moto. Ndiyo sababu kababu ya moto huonekana kali kuliko iliyopoa, hata kama zimetoka katika sufuria moja. Kapseisini haiyeyuki vizuri katika maji, basi anayewashwa asihangaike na bilauri ya maji. Mtindi au maziwa humsaidia mapema zaidi. Utamu nao hupunguza mwasho, na bila shaka waliobuni ndoa ya sukari na pilipili walilijua hilo kwa ulimi. Wasweden hula vibonge vyao vya nyama pamoja na jamu ya matunda ya porini. Wamarekani wamekuwa wakivipika vya kwao katika jeli ya zabibu na sosi ya pilipili, na kuvichoma vijiti vya meno katika karamu za nyumbani. Kila mahali watu wamegundua kwamba nyama iliyosagwa hupenda kitu kitamu kando yake.

Tuje katika sukari na chumvi, ambazo mwenye kisukari au shinikizo la damu huziulizia kabla ya kuketi. Hesabu ya mapishi niliyoyatoa ni nyepesi. Gramu 100 za sukari guru zikigawanywa kwa kababu 50 ni gramu 2 kila moja. Anayekula tano amepata gramu 10. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi. Kababu tano zimekula sehemu ya kutosha ya kiwango hicho, lakini chupa moja ya soda ya mililita 350 aghalabu ina gramu 35 au zaidi. Nimewaona wagonjwa wangu wakihesabu kababu kwa vidole vya mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika soda. Sukari guru, nayo, ni sukari. Rangi yake ya udongo haiipunguzii kitu. Na uchachu wa ukwaju haufuti utamu, bali huuficha ulimini, hata mpishi akaongeza sukari bila kuhisi. Apime kwa mizani.

Chumvi ya kababu tano ni gramu 1 hivi, yaani moja ya tano ya gramu 5 zinazoshauriwa kwa siku. Hesabu hii huvurugika kabisa mpishi anapobomoa ndani ya nyama vile vidonge vya kuongezea ladha ya mchuzi, ambavyo kwa kiasi kikubwa ni chumvi. Katika sherehe yenye wazee wengi mimi hutenga sinia dogo la kababu zisizotiwa rojo, na bakuli la rojo kando, kila mtu ajichovyee kadiri anavyojijua.

Watoto wana hatari zao. Kababu ya mviringo, yenye utelezi wa rojo, ni saizi ya koo la mtoto. Kwa walio chini ya miaka minne ikatwe vipande vidogo, na mtoto ale ameketi, si akikimbia ukumbini. Ikiwa rojo limetengenezwa kwa asali, asilambishwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata kidogo, kwa kuwa asali huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo mapishi ya nyumbani hayaziui. Na vijiti vya meno, hivyo vinavyolipamba sinia, viondolewe kabla ya sahani kumfikia mtoto. Kijiti kilichomezwa huweza kutoboa utumbo, na si watoto pekee wanaovimeza: mzee mwenye meno ya bandia huwa hahisi vizuri kilicho kinywani mwake.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, sherehe zetu hukosea zaidi kuliko katika karai. Kadi husema saa kumi na mbili jioni. Chakula hupikwa saa sita mchana, kwa kuwa mpishi ana hofu ya kuchelewa. Wageni hufika saa mbili usiku, kisha hufuata utambulisho, nasaha na picha. Kababu zilizoiva vizuri kabisa zimekaa saa nane katika sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa safi.

Kuna bakteria aitwaye Clostridium perfringens ambaye hujifungia katika mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa. Kupika huwaua washindani wake na kumwacha yeye. Nyama inapopoa taratibu ndani ya sufuria kubwa na kufika kati ya nyuzi 43 na 47, mbegu zimekwisha chipua na bakteria hao huweza kuongezeka maradufu kwa muda usiofika dakika 15. Tukichukua dakika 15 kamili, bakteria mmoja katika saa nne huwa, kwa hesabu ya karatasini, 65,536. Wageni hulala salama na kuamka na msokoto wa tumbo na kuharisha, saa 6 hadi 24 baada ya kula, na lawama huangukia maji ya kunywa au jicho la hasidi. Aghalabu hupona ndani ya siku moja, isipokuwa wazee na wagonjwa ambao huishiwa maji mwilini.

Mikono nayo ina yake. Stafilokoka anayeishi puani na katika jeraha la kidole huachwa juu ya kababu iliyoiva na mtu anayezipanga kwa mkono mtupu. Akipata muda katika vuguvugu hutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Kababu zilizoiva zipangwe kwa koleo au kijiko, katika sinia ambalo halijabeba mbichi, na mwenye kidonda mkononi apewe kazi ya kupokea wageni.

Kanuni ni chakula kilichoiva kisizidi saa mbili katika joto la kawaida. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Hotipoti hutunza joto, haliumbi. Likitiwa kababu za vuguvugu huwa kiota kizuri cha bakteria. Lisuuzwe kwanza kwa maji yanayochemka, litiwe kababu zinazotoa mvuke, lisifunguliwe kila dakika. Kwangu mimi njia bora ni kufinyanga mapema na kuchelewa kupika. Kababu mbichi hukaa katika jokofu tangu asubuhi, rojo huwa tayari, na mikupuo huingia moja baada ya nyingine wageni wanapoanza kuketi. Sinia dogo linalotoka mara sita ni salama kuliko sinia kubwa linalotoka mara moja, na wageni hudhani mwenyeji ana neema isiyokwisha.

Akiugua mtu, apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini kidogo kidogo. Apelekwe kituo cha afya bila kungoja kama kinyesi kina damu, kama anatapika kila anachokunywa, au kama mtoto amepauka, amelegea na hakojoi kama kawaida. Anayeharisha damu asipewe dawa za kufunga choo.

Zikibaki, jambo lisilo la kawaida, zitandazwe katika chombo kipana badala ya kurundikwa, ziingie katika jokofu ndani ya saa mbili, na zipashwe mpaka nyuzi 74 mara moja tu. Shangazi huziponda asubuhi ndani ya chapati ya moto na kuniletea pamoja na chai ya tangawizi. Huniuliza kama sindano yangu nimeileta.